Barafu ya kale: uchague ipi kati ya ICE-6G, GLAC-1D, ANU, PaleoMIST na ramani za kingo?

Mtu anayetaka kujua dunia ilivyokuwa miaka 21,000 iliyopita hukutana mapema na swali ambalo hakulitarajia. Alidhani iko ramani moja ya barafu ya enzi ile, iliyokubaliwa na wote, ambayo ataipakua na kuendelea na kazi yake. Kumbe ziko kadhaa, zile nilizozitaja kwenye kichwa cha makala, na hazipatani. Kurt Lambeck na wenzake, mwaka 2014, walikadiria kwamba barafu ilipofika kileleni, yaani ilipokuwa nyingi kuliko wakati wowote wa enzi ile, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 134. Evan Gowan na wenzake, mwaka 2021, wakapata takriban mita 116. Tofauti ni mita 18. Barafu yote iliyoko Greenland leo, ikiyeyuka isibaki hata kipande, ingeinua bahari kwa mita 7 na ushei tu. Kwa hiyo makundi mawili ya watafiti, wote watu makini, wanapishana kwa zaidi ya Greenland mbili.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye kesho asubuhi inabidi achague faili moja na kuianzia kazi: mwanafunzi wa modeli za tabianchi, mtu wa akiolojia anayetafuta pwani iliyozama, mpimaji wa ardhi anayesahihisha data za setilaiti. Nimeshinda na faili hizi muda mrefu, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu yoyote kati yake ni imelishwa nini. Ukijua ilichokula, utajua ni swali lipi inaweza kulijibu, na ni swali lipi itakurudishia tu kile ilichopewa.

Wote wanachota kisima kimoja

Ngao za barafu tunazozitafuta, yaani matandiko makubwa ya barafu yaliyofunika nchi kavu, nyingi zilitoweka zamani. Laurentide ilifunika sehemu kubwa ya Kanada na kushuka hadi kaskazini ya Marekani. Cordillera ilikaa juu ya milima ya magharibi. Ya Innuitia ilikuwa juu ya visiwa vya kaskazini kabisa. Upande wa pili wa Atlantiki kulikuwa na ngao ya Skandinavia, ya Bahari za Barents na Kara, na ya Uingereza na Eire. Greenland na Antaktika zilikuwepo kama leo, ila pana zaidi.

Ushahidi wa kwanza ni wa kingo. Barafu inayotembea husukuma mbele yake mawe, changarawe na udongo. Ikisimama, huacha tuta. Tuta hilo, yaani moreni, ni sahihi ya barafu mahali ilipofika. Ilifika lini? Hapo huulizwa kaboni-14 iliyomo katika mimea na makombe yaliyoishi baada ya barafu kuondoka, au berili-10 inayojikusanya ndani ya kwatzi ya jiwe tangu siku lilipofunuliwa na kuanza kupigwa na miale ya angani. Kila kipimo kina mtego wake. Makombe ya baharini hujenga miili yao kwa kaboni iliyokaa majini muda mrefu, kwa hiyo yasiposahihishwa huonekana wazee kuliko yalivyo. Jiwe ambalo barafu haikulikwangua vya kutosha hubaki na berili ya zama za nyuma, nalo hujiongezea umri.

Ushahidi wa pili ni ardhi yenyewe. Ganda la dunia lilididimia chini ya uzito ule, na mpaka leo linarudi juu. Mahali ninapopapenda kuliko pote kwa kuonyesha jambo hili ni Höga Kusten, pwani ya Uswidi kwenye Ghuba ya Bothnia. Kuna kilima kinachoitwa Skuleberget. Ukikitazama kutoka bondeni utaona kitu cha ajabu: ubavu wake ni mwamba mtupu, uliosafishwa, lakini kileleni kuna kofia ya msitu uliosimama juu ya udongo na mawe yaliyoachwa na barafu. Mpaka kati ya mwamba na kofia umekatika waziwazi. Mpaka huo ni ufuo. Barafu ilipoondoka, kama miaka 10,500 iliyopita, kilele kilikuwa kisiwa, na mawimbi yaliosha kila kitu chini yake. Ufuo huo leo uko mita 286 juu ya bahari, na ardhi bado inapanda karibu milimita 8 kila mwaka.

Lakini Skuleberget hausemi yote, na hapa ndipo ugumu wa fani nzima ulipo. Kilima kilianza kuinuka tangu barafu ilipoanza kupungua unene, maelfu ya miaka kabla ya bahari kukifikia. Kuinuka kule hakukuacha ufuo wowote, kwa sababu palikuwa bado pamefunikwa. Tunasoma sura za mwisho za kitabu ambacho kurasa zake za mwanzo hazikuchapwa.

Ushahidi wa tatu uko mbali na barafu, katika bahari za joto. Matumbawe ya Barbados ya aina inayoishi karibu sana na uso wa maji yalichimbwa na Richard Fairbanks na wenzake, na mwaka 1989 wakaonyesha bahari ilivyokuwa chini kwa mita 120 hivi. Tahiti ilichimbwa mwaka 2005. Ghuba ya Bonaparte, kaskazini mwa Australia, nayo ilitoa ushahidi wake. Huku tunapata jumla: maji kiasi gani yalikuwa yamefungwa nchi kavu. Hatuambiwi yalifungwa wapi.

Basi tunazijua kingo, tunaijua jumla, tunajua ardhi inavyopanda leo. Tusichokipima moja kwa moja ni unene wa katikati. Ardhi inayopanda ingeweza kutupa unene huo kama tungejua mnato wa koti ya dunia, yaani tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda, na mnato huo wenyewe tunaukadiria kutokana na ardhi hiyohiyo inayopanda. Fikiria godoro lenye shimo linalojaa polepole. Huenda aliyelala alikuwa mzito na aliamka zamani. Huenda alikuwa mwepesi na ameamka sasa hivi. Yategemea sponji ni ngumu kiasi gani. Kila modeli unayoipakua ni jibu mojawapo la fumbo hilo la godoro.

Ramani za kingo: pale unapotaka kujua ilifika wapi, basi

Kama swali lako ni la mahali na wakati tu, usianze na modeli kubwa. Mfano: bonde hili lilifunuliwa lini, wanyama au watu wangeweza kupita hapa kuanzia lini, ziwa hili lilizaliwa lini. Nenda kwenye ramani za kingo.

Kwa Ulaya na Asia ya kaskazini chaguo langu ni DATED-1, kazi ya Anna Hughes na wenzake iliyotoka mwaka 2016. Walikusanya tarehe zaidi ya 5,000, wakazipima ubora, wakachora barafu kuanzia miaka 40,000 hadi 10,000 iliyopita. Sifa yake kubwa ni kwamba kwa kila kipindi inatoa mistari mitatu: barafu ilipoweza kufika kwa uchache, ilipoweza kufika kwa wingi, na pale wanapopaamini zaidi. Mahali pengine mistari inakaribiana. Mashariki, kuelekea Bahari ya Kara, inaachana mno. Umbali huo ndio kipimo cha ujuzi wetu, na kuuona umechorwa kwenye ramani kunamfaa mtumiaji kuliko kurasa kumi za maelezo.

Kwa Amerika Kaskazini kuna NADI-1 ya April Dalton na wenzake, ya mwaka 2023, inayofuata mtindo uleule wa mistari mitatu, kila miaka 500, kuanzia miaka 25,000 iliyopita. Nakusihi uitumie hiyo badala ya ramani za zamani za Arthur Dyke, hata kama bado utazikuta kila mahali. Kazi ya Dyke ilikuwa kubwa na ya kuheshimiwa, na miaka mingi kila mtu aliitegemea. Ila ramani zake zilipangwa kwa miaka ya kaboni-14 ambayo haijageuzwa kuwa miaka ya kalenda. Ramani iliyoandikwa 18,000 pale ni ya miaka kama 21,500 ya kalenda. Nimeona watu wakiweka ramani hiyo sambamba na data ya barafu ya Greenland bila kugeuza, kisha wakashangaa mbona barafu inayeyuka kabla ya joto kuja.

Uingereza na Eire zina kazi yao ya kina, BRITICE-CHRONO, na hakuna eneo jingine la ukubwa ule lililochunguzwa kwa karibu kiasi hicho. Antaktika ina ramani za kundi la RAISED za mwaka 2014, ambazo zina vipindi vinne tu: miaka 20,000, 15,000, 10,000 na 5,000 iliyopita. Uchache huo unatokana na ushahidi wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya kingo za kale za Antaktika iko chini ya bahari.

Ramani hizi hazina unene. Huwezi kuzitia kwenye modeli ya tabianchi zikawa milima, wala kukokotoa bahari kwazo. Ukihitaji kimo, songa mbele.

ICE-6G_C na GLAC-1D: pambano la watu wa tabianchi

Hawa wawili wanastahili muda wako, kwa sababu mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za tabianchi za kale, PMIP4, uliwapa washiriki ruhusa ya kuchagua kati yao kwa majaribio ya kipindi cha kuyeyuka. Wengi huchagua ile wanayoikuta tayari kwenye kompyuta ya kazini. Hiyo si sababu.

ICE-6G_C imetoka kwa Richard Peltier wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake Argus na Drummond, miaka ya 2014 na 2015. Ni tawi la ukoo mrefu ulioanza na ICE-1 mwaka 1976. Namna yake ya kazi ni ya mtu wa jiofizikia: anaweka barafu juu ya dunia yenye mnato fulani, unaoitwa VM5a, anakokotoa bahari na ardhi vingefanya nini, analinganisha na fuo za kale, matumbawe ya Barbados na vipimo vya GPS, kisha anaongeza barafu hapa na kupunguza pale mpaka vilingane. Barafu hapo ni mzigo. Haitembei wala haitelezi; iko pale kwa sababu ardhi inasema ilikuwepo.

GLAC-1D ya Lev Tarasov, wa chuo kikuu cha Memorial huko Newfoundland, inaanzia upande wa pili. Ndani yake barafu ni barafu: theluji inaanguka, inabanana, inatiririka kwa uzito wake, inakatikia baharini. Tarasov na wenzake waliiendesha modeli hiyo mara nyingi sana kwa vipimo tofauti, wakitumia mitandao ya neva kuharakisha hesabu, na wakayapa uzito zaidi majaribio yaliyokubaliana na kingo, fuo na ardhi inayopanda. Unachopakua ni mkusanyo: Amerika Kaskazini na Ulaya kutoka kwenye kazi hiyo, Antaktika kutoka kazi ya Briggs, Pollard na Tarasov ya mwaka 2014, na Greenland kutoka kazi ya Tarasov na Peltier ya mwaka 2002. Sehemu hizo hazikutengenezwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Ukitaka kulinganisha Antaktika na Laurentide ndani ya faili hiyo, likumbuke hilo.

Tofauti inayokugusa mara moja ni hatua za muda. GLAC-1D inatoa picha kila miaka 100. ICE-6G_C, kuanzia miaka 21,000 iliyopita, inatoa kila miaka 500. Fungua faili za ICE-6G_C, chukua unene wa barafu, ambao kwenye safu za data umeandikwa stgit, uchore miaka 15,000, kisha 14,500, kisha 14,000. Barafu inaruka. Eneo kubwa lililokuwa jeupe kwenye picha moja linakuwa nchi kavu kwenye inayofuata, bila hatua yoyote katikati. Kwa mtu anayetaka kimo cha milima ya barafu kwa ajili ya upepo, hilo si tatizo kubwa. Kwa mtu anayefuata maji yaliyoyeyuka, ni tatizo zito.

Tuchukue tukio lenyewe linalosumbua watu. Matumbawe ya Tahiti, kwa vipimo vya Pierre Deschamps na wenzake vya mwaka 2012, yanaonyesha kwamba kati ya miaka 14,650 na 14,310 hivi iliyopita bahari ilipanda kwa mita 14 hadi 18. Wataalamu huliita wimbi la maji ya kuyeyuka 1A. Chukua mita 15, uzizidishe kwa eneo la bahari zote, kilomita za mraba milioni 361: ni kilomita za ujazo milioni 5.4 za maji. Yagawe kwa miaka 340, unapata karibu mita za ujazo 500,000 kila sekunde. Amazoni, mto mkubwa kuliko yote duniani, hutoa kama 200,000. Sasa maji yaleyale yatandaze kwenye hatua ya miaka 500 na mtiririko unashuka hadi 340,000 hivi. Hakuna tone lililopotea, lakini bahari yako ndani ya modeli imepata mshtuko uliopungua kwa theluthi. Mzunguko wa Atlantiki, ule unaopeleka joto kaskazini, huathiriwa sana na kasi ya maji baridi yanayomwagwa juu yake. Kwa hiyo kwa kazi yoyote ya kufuata maji kuanzia ngaoni mpaka baharini, mimi nachukua GLAC-1D.

Halafu kuna fumbo ambalo hakuna faili inayokutoa. Historia zote mbili zinaweka sehemu kubwa ya maji ya wimbi lile Amerika Kaskazini. Ukiyamwaga kama yalivyo kwenye Atlantiki ya Kaskazini, modeli nyingi hudhoofisha mzunguko na kupoza kaskazini, wakati kumbukumbu za kweli zinaonyesha kaskazini ilikuwa imepata joto ghafla. Baadhi ya watafiti hutoa maji hayo kabisa, wengine huyasambaza bahari zote. Lauren Gregoire na wenzake, mwaka 2012, walieleza njia moja ya barafu kupotea haraka bila kuhitaji muujiza. Kati ya Laurentide na Cordillera palikuwa na tandiko la barafu lililoziunganisha. Linaposhuka kimo, uso wake unaingia kwenye hewa yenye joto zaidi, nalo linayeyuka kwa kasi inayojiongeza lenyewe mpaka ngao zinaachana. Kwa hesabu yao njia hiyo ilitoa kama mita 9 ndani ya miaka 500. Ni nyingi, ila hazitoshi peke yake. Ukiifanyia kazi enzi hii, andika waziwazi maji uliyafanyaje, kwa sababu msomaji wako hawezi kulisoma hilo kwenye jina la faili.

ICE-6G_C ina nguvu zake, na sipendi idharauliwe. Kama unataka hali moja tulivu ya kilele cha barafu, topografia yake, bahari yake na dunia yake vimetoka katika hesabu moja, na imetumiwa na makundi mengi kiasi kwamba ulinganisho na kazi za wenzako unakuwa rahisi. Kama unataka mwendo wa ardhi wa leo kule Kanada au Skandinavia, ilisahihishwa kwa GPS za huko. Ila kwa Antaktika chukua toleo la ICE-6G_D. Anthony Purcell na wenzake waligundua mwaka 2016 kwamba viwango vya kuinuka vya 6G_C haviko sawa katika sehemu za bara hilo, na Peltier na wenzake wakatoa toleo lililorekebishwa mwaka 2018.

GLAC-1D nayo ina udhaifu wake. Barafu inayotiririka inahitaji hali ya hewa, na hali ya hewa iliyopewa ilitegemea kwa sehemu kumbukumbu ya barafu iliyochimbwa Greenland. Ukiichukua historia hiyo, ukaitia kwenye modeli yako, ukapata joto la Greenland linalofanana vizuri na kumbukumbu za Greenland, shangwe yako ipunguze. Kuna njia ya nyuma ambayo taarifa ile iliingilia.

ANU: mtu wa bahari

Kazi ya Lambeck na wenzake, wa chuo kikuu cha taifa cha Australia huko Canberra, inashabihiana na ya Peltier kwa mbinu lakini si kwa dunia. Walipima fuo za kale eneo baada ya eneo, Skandinavia peke yake, Uingereza peke yake, Amerika peke yake, kisha wakafunga hesabu kwa vipimo karibu 1,000 vya bahari za mbali. Kwa anayeuliza maji yalikuwa kina gani kwenye pwani iliyo mbali na barafu, hii ndiyo historia ninayoianzia.

Sharti moja kwa anayeitumia ni kwamba barafu na dunia yake ni ndoa, huvunji. Kwenye makala ya mwaka 2014 Lambeck alielekea kwenye koti ya chini yenye mnato mkubwa, zaidi ya mara kumi ya ule wa VM5a. Rudi kwenye godoro: sponji ngumu inahitaji simulizi tofauti ya aliyelala. Ukichukua barafu ya ANU ukaiweka juu ya VM5a, au barafu ya ICE-6G juu ya dunia ya Lambeck, hutapata wastani wa wataalamu wawili. Utapata kitu ambacho hakuna hata mmoja wao alikisema, na hakitalingana na fuo zilizotumika kukijenga. Nimefanya kosa hilo mwenyewe nilipokuwa naanza. Ilinichukua siku nyingi kutafuta hitilafu kwenye programu, kumbe programu ilikuwa sawa na mseto ndio uliokuwa mbovu.

Na la pili, linalohusu zote. Usiipime modeli kwa kile ilicholishwa. ICE-6G kulingana na Barbados si ushindi, maana Barbados ilikuwa kwenye sahani yake. Tafuta pwani ambayo haikutumika.

PaleoMIST na barafu iliyopotea

Kwa miaka mingi kumekuwa na deni kwenye daftari. Ukijumlisha barafu yote ambayo wachunguzi wa kila ngao wako tayari kuikubali, hupati maji ya kutosha kuishusha bahari mita 130. Alexander Simms na wenzake walilifanyia hesabu mwaka 2019 wakakuta pengo la kama mita 16 hadi 18. Barafu hiyo iko wapi? Baadhi ya modeli huificha kwa kuinenepesha Antaktika au Amerika kuliko wajuzi wa maeneo hayo wanavyotaka.

Gowan na wenzake walilikabili pengo hilo ana kwa ana. PaleoMIST inaanza na kingo, topografia na msuguano wa barafu kwenye sakafu yake, na kwa kanuni rahisi ya barafu inayojisawazisha inapata unene. Haijalazimishwa kufikia jumla fulani ya bahari. Ikatoka mita 116 hivi, nao wakaonyesha kwamba vipimo vingi vya bahari za mbali vinaweza kuelezwa bila barafu ya ziada. Si wote waliokubali, na mimi kwa kilele chenyewe bado nasita. Lakini naiheshimu kwa kuwa imeufuata ushahidi wa nchi kavu na kuiacha jumla ijitokeze yenyewe.

Thamani yake kubwa kwa mchaguaji iko kwingine: inarudi nyuma miaka 80,000. Historia nyingine zina nguvu zaidi baada ya kilele. Ukitaka miaka 45,000 iliyopita, wakati ambapo wataalamu bado wanabishana kama Ghuba ya Hudson ilikuwa imefunikwa au la, huku ndiko pa kwenda. Hatua zake ni za miaka 2,500, kwa hiyo usiitafutie tukio la karne tatu. Wimbi la 1A litapita katikati ya hatua mbili bila kuonekana.

Ningechagua hivi

Kwa mtu wa akiolojia mwenye pwani iliyozama: ANU pamoja na dunia yake, na kando yake PaleoMIST, kisha uchore fuo mbili. Pale fuo zinapopishana kilomita chache, chimba kwa amani. Kwenye rafu tambarare ya bara mita 18 za kimo zinaweza kuwa makumi ya kilomita za ardhi, na hapo mstari mmoja kwenye ramani yako utakuwa unamdanganya anayelipa chombo cha kuzamia.

Anayesahihisha data za setilaiti za GRACE, zilizopima mabadiliko ya uvutano wa dunia, na hivyo ya uzito uliomo mahali hadi mahali, kati ya 2002 na 2017, na mrithi wake aliyerushwa mwaka 2018, anahitaji kitu ambacho nyingi ya historia hizi hazitoi: ukubwa wa kosa. Aende kwa Lambert Caron na wenzake, waliotoa mwaka 2018 makadirio yaliyojengwa juu ya majaribio 128,000, kila kiwango kikiwa na wigo wake. Antaktika ndipo hili linapouma zaidi, kwa sababu sehemu ya badiliko la uzito linalopimwa ni koti ya dunia inayorudi mahali pake, na ukikosea hapo unakosea barafu inayopotea leo.

Wa tabianchi: kilele tulivu, ICE-6G_C, kuyeyuka na maji, GLAC-1D, na kama muda wa kompyuta unaruhusu, endesha zote mbili, maana kimo cha Laurentide peke yake kinatosha kuhamisha mkondo wa upepo wa juu na kubadili mvua upande wa pili wa Atlantiki.

Yoyote utakayochukua, kabla ya kitu kingine fanya hesabu hii, haizidi nusu saa. Toa unene wa leo kwenye unene wa kale, vinginevyo Greenland na Antaktika za sasa zitaingia kwenye jumla yako. Ondoa barafu iliyokaa mahali penye bahari kwa kiasi cha maji iliyokuwa imeyasukuma, kwani barafu inayoelea haiongezi bahari inapoyeyuka. Sehemu ya Barents na Antaktika Magharibi hupungua sana hapa. Jumlisha ujazo unaobaki kwa kilomita za ujazo, ukikumbuka kwamba vyumba vya gridi vya nyuzi moja kwa nyuzi moja vinazidi kuwa vyembamba kuelekea ncha. Gawanya kwa 394,000, ambao ndio ujazo wa barafu unaotosha mita moja ya bahari. Ukipata namba iliyo mbali na 110 hadi 135 kwa kipindi cha kilele, usiendelee. Karibu kila mara kosa liko kwenye moja ya hatua tatu za kwanza, na mara nyingi ni ile ya mwanzo kabisa.